Kitana cha Mama Furaha

Bertrams, Johannesburg, Jumanne, Agosti 2017

Na bado hasira hainishuki.

Mwanangu Grace alikuwa ananisomea kazi yake ya shule, historia ya Ulaya ya zamani, wakati hata wafalme waliliogopa kanisa. Eti askofu akimtenga mtu, hakuna wa kula naye wala kumsalimia, na akifa hazikwi na wenzake. Nikasema, "Watu wale walikuwa na roho mbaya!"

Mtoto akaniangalia, akauliza kwa Kiingereza chake, "Kama Mama Furaha?"

Nikamwambia kwa hasira anyamaze, amalize kazi.

Eish. Tangu Mchungaji wetu amtenge Mama Furaha kwa kumbishia mbele ya watu, tunasuka kwenye saluni moja, viti vimegusana, na sijamfungulia mdomo. Leo aliniomba kitana. Nilikisukuma mezani bila kumtazama. Akasema, "Aksanti, dada," kama vile nimempa mkononi.

Naogopa. Nikimjibu, wasusi wenzetu watapeleka habari kanisani, na hapa Joburg sina ukoo mwingine. Nikifa, ni kanisa litakalonizika.

Lakini siku niliyofika Joburg, nikashuka Park Station bila kujua mtu, ni Mama Furaha aliyenishika mkono. Akanipeleka kanisani kwake, kanisa hilihili.