Usimwandalie Mama Chumba

Robinvale, Victoria
14 Agosti

Mpendwa Mama Mkubwa Lavinia,

Goti linaendeleaje? Na kikohozi cha Baba Mkubwa, kimepoa? Sisi wazima, ila baridi inatutafuna vidole huko kwenye mizabibu tunakopogoa, na mimi nina hasira mpaka chakula hakishuki.

Najua Mama amekupigia simu, eti amekumbuka kwetu Vava'u, anataka kurudi. Uongo mtupu! Anakimbia aibu, na aliyemtia aibu ni mzee mmoja wa hapa anaitwa Desmond.

Kila Alhamisi wazee wa mji hula pamoja ukumbini, na wapishi ni sisi wanawake wa Tonga, tunajitolea. Mwezi uliopita Mama akaketi nao kwa mara ya kwanza, kajifunga mkeka wake wa heshima kiunoni. Desmond akamkazia macho.

"We bibi, hii meza ya wenye pensheni. Una miaka mingapi hapa nchini?"

"Minane."

"Sheria inataka kumi. Mnakuja kula jasho letu tu nyie."

Mama akabeba sahani yake mpaka jikoni, akala amesimama kando ya sinki. Mama yangu mzazi!

Jasho lao lipi? Watoto wa Desmond wamehamia Melbourne, hata simu hawampigii. Hiyo pensheni yake inatoka kwenye kodi, nami nakatwa kila wiki. Namlisha, namvisha, halafu ananiletea ujeuri!

Alhamisi iliyofuata hatukukanyaga ukumbini. Tulipika kanisani kwetu, ng'ambo ya barabara, nyama ndani ya majani ya magimbi na tui zito. Harufu ikavuka yenyewe. Wazee wakaja na fimbo zao, tukawakaribisha wote. Mwisho kabisa akaja Desmond, nikaziba mlango.

"Siale, binti yangu, nina njaa."

"Binti yako yuko Melbourne, mzee. Mpigie akuletee mkate."

Akarudi alikotoka na njaa yake. Nilifurahi, Mama Mkubwa, sikufichi. Nilifurahi sana.

Mama aliposikia, ndiyo kwanza akatoa sanduku chini ya kitanda. Anasema aibu ya kwanza alitiwa na Desmond, ya pili nimemtia mimi. Nimwombe radhi yule mzee, la sivyo anaondoka mwisho wa Septemba. Kumwomba radhi Desmond? Thubutu! Afadhali nipogoe mizabibu kwa meno.

Lakini Mama akiondoka kabla ya kutimiza miaka yake kumi, pensheni ndiyo basi tena, na Desmond atacheka mpaka kaburini. Kwa hiyo mwambie Mama chumba chake huko kwako kinavuja. Mwambie kimejaa viazi vikuu. Mdanganye, dhambi nitaibeba mimi.

Msalimie Baba Mkubwa Penisimani na dada Mele'ana. Mungu awaepushe na vimbunga mwaka huu.

Ukikataa kunisaidia, itabidi nikagonge mlango wa yule mzee, na hilo, Mama Mkubwa, sitakusamehe.

Mwanao akupendaye hata akiwa na hasira,
Siale