Makosa ya Wagoni

Kalemie, Jumapili baada ya ibada

Wifi yangu mpenzi Anne,

Bwana Yesu asifiwe. Natumaini barua hii inakukuta mzima huko Kongolo, wewe na Papa Thierry na watoto. Sisi hapa tunapumua. Upepo wa ziwa umetuletea kikohozi, lakini hakuna aliyelazwa. Papa, baba yako, anakula vizuri, na ingawa alistaafu reli zamani, bado anawasahihisha majirani kuhusu saa za treni. Utauliza mbona barua, na simu ipo. Kuta zetu ni nyembamba, wifi, na masikio ya Papa ni mazima.

Kwanza nikupe habari za mbwa. Bosi wa mume wangu Christophe alirudi kwao Ulaya, akamwachia mbwa wa kizungu wanayemwita baseti. Sijawahi kuona kiumbe kama huyu: mwili mrefu, miguu mifupi kama ya kigoda, masikio yanayoburuta mpaka ndani ya sahani. Papa alimtazama akamwita Wagoni, kama behewa la treni, na jina likashika. Niliapa kwamba halali ndani ya nyumba yangu. Siku hizi ndimi ninayempangusa masikio kwa kitambaa kikavu yasioze.

Shida ikawa mkojo. Mwanzoni alikojoa popote, nami nilimchapa kwa mwiko na kumsugua pua mle mle. Mama Sonia, daktari wa mifugo tunayesali naye, alinigombeza. Alisema mbwa akipigwa hajifunzi usafi, anajifunza kujificha. Nimtoe nje kila akiamka na kila akimaliza kula, nimsifu papo hapo, na pale alipochafua nipaoshe kwa sabuni na siki mpaka harufu iishe, la sivyo pua itamrudisha. Nilicheka, mimi kumsifu mbwa kwa kukojoa. Lakini nilifanya, na Wagoni akashika. Akitaka kutoka, anasimama mlangoni akigumia kama mzee mwenye jino bovu.

Hata hivyo kiti cha Papa kiliendelea kulowa. Kiti kile tu. Na kila mara Papa ndiye alikuwa wa kwanza kupaza sauti kwamba kambwa haka kamefanya tena. Christophe akachoka, akapatana na dereva wa lori ampeleke Wagoni mpaka mji wa Bendera, kwa jamaa anayetaka mlinzi wa shamba. Sikumtetea, ingawa Mama Sonia aliniuliza swali lililonikaa kichwani: mwenye miguu mifupi vile anapandaje kwenye kiti?

Asubuhi ya lori nilikuwa jikoni nikichambua majani ya muhogo ya sombe. Papa alikuwa sebuleni na mbwa tu. Unajua tangu niolewe humu hajawahi kuniambia jambo la mwili wake. Mimi ni mkwe; hata shuka lake analifua mwenyewe. Jambo likimbana, humwambia mtu mwingine, nami nasikia. Siku hiyo hapakuwa na mtu mwingine. Alimwambia mbwa, kwa sauti ya kufika jikoni: "Wagoni, unisamehe. Wanakufukuza juu yangu. Ni mimi njo nashindwa kuzuia mukojo. Wakikupeleka, nitasema ni nani?" Akaongeza, kwa mbwa huyo huyo, kwamba mtoto wake wa kiume asijue, ila Anne angekuwa karibu, Anne angeambiwa.

Nililia juu ya sombe, wifi. Kisha nikamjibu mbwa kutoka pale pale jikoni kwamba haendi popote, na aache kuhangaika. Lori nikalirudisha. Christophe nilimwambia tu kwamba nimemzoea mnyama, akanishangaa.

Kwa hiyo njoo. Mimi siwezi kumpeleka baba mkwe hospitali kwa jambo hili, lakini wewe ni binti yake. Mama Sonia husema mbwa mzima aliyezoea kutoka nje, akianza kujikojolea ndani, apimwe kwanza, maana huenda ni ugonjwa. Naona Papa naye anastahili angalau hivyo.

Christophe anakusalimu, na watoto wanaomba karanga za kwenu. Papa sikumwambia nakuandikia, lakini nadhani anajua, maana jana alimuuliza Wagoni kama wiki hii kuna treni kutoka Kongolo.

Leo asubuhi kiti kilikuwa kimelowa tena. Nilimgombeza Wagoni kwa sauti kubwa, Papa asikie, kisha nikampa kichwa cha samaki wa mgebuka.

Wifi yako akupendaye,
Yvette