Taa Nayo Inazunguka?

Shoga, nimechoka hata kulia siwezi. Nimejifungia chooni hapa idarani, usipige, soma tu.

Zile nyota zangu za moto mkali unazikumbuka? Zile ambazo mwanga wake ukitawanywa rangi, mistari yake imetanuka na kufifia, nikasema ni kwa sababu zinazunguka mbio? Miezi minane nazipima. Miezi minane!

Leo kikaoni naonyesha picha, kifua mbele. Fundi wetu wa darubini, Babu Bisibisi, akanyoosha mkono. "Mwanangu, hii mistari ya pembeni ni ya nyota gani?"

Nikamwambia si nyota, ni ile taa ya kupimia iliyo ndani ya mtambo wa darubini.

"Mbona nayo imefifia? Taa nayo inazunguka?"

Taa nayo inazunguka! Taa imekazwa kwa skrubu nne, shoga! Profesa anafuta miwani.

Kumbe lenzi ya mtambo ndiyo imelegea, inatia ukungu kila mstari. Huenda mistari ya nyota zenyewe ni myembamba kama uzi, nani ajuaye.

Nikamfuata Babu nje, nikamuuliza mbona hakuikagua mapema.

"Mwanangu, si ulibandika karatasi pale mtamboni? Imeandikwa: Marufuku kugusa."

Mwandiko wangu, shoga. Tena kwa wino mwekundu.