Gramafoni ya Mkono wa Pembe

Baba,

Nimeifungua gramafoni yako. Najua hukupenda mtu aiguse. Lakini ilinibidi, tena mbele ya watu, kwa sababu walikuwa wamekuita mwizi.

Ngoja nianze vizuri. Baada ya mazishi nyumba hii ilinyamaza mno. Ndugu yangu Désiré alirudi kazini kwake Kigali, nikabaki mimi na kiti chako. Nikatamani kusikia santuri zako, nikaweka betri mpya, kisahani kikagoma kuzunguka. Nikaibeba mpaka Mahoko kwa mafundi wa redio. Hakuna aliyejua imetengenezwa na nani. Mmoja alisema Wajerumani, mwingine Wajapani, na wote wakaucheka ule mkono wa sindano uliochongwa kwa pembe ya ng'ombe. Nikaipiga picha, nikatafuta kwenye simu mpaka macho yakauma. Haina mwenzake. Nikakumbuka kwamba kila nilipokuuliza fundi wake ni nani, uliongeza sauti tu na kugeukia dirishani.

Habari za mkono wa pembe zikapanda milima ya Kanama, zikamfikia Mzee Karangwa. Hukumfahamu. Ni mkulima wa viazi, mzee sana, anatembea kwa fimbo. Alikuja Jumapili na wanawe wawili, akakataa kuketi. Akainyooshea gramafoni fimbo yake.

"Hii kitu ni ya kaka yangu Faustini. Alitengeneza yeye mwenyewe, mi naona na macho yangu. Watu waliiba ile siku ya fujo, walivunja nyumba yetu, na yeye akakimbia, hatukumuona tena. Bon, sasa iko hapa. Baba yako alitoa wapi?"

Nikasema ulirudi nayo kutoka Tanzania, kwenye kambi ya wakimbizi ulikokulia.

"Mwizi hasafiri?" mwanawe mmoja akauliza.

Majirani walikuwa wamejaa mlangoni. Désiré, aliyekuja kunitembelea, aliniinamia sikioni: "Wape waende. Ni kitu kikuukuu tu." Lakini Baba, tungeitoa, kabla ya jua kuzama hata wauza samaki wa Rubona wangekuwa wanalitafuna jina lako. Na kulikuwa na jambo baya zaidi. Sikujua uliitoa wapi. Niliogopa kwamba huenda mzee yule anasema kweli.

Nikachukua bisibisi. "Mzee, kabla hujaichukua, niambie ya kwenu ndani ilikuwaje."

Hakusita. "Musave. Mbao ya nyumbani, nyeupe-nyeupe. Mi nilikuwa nashika, yeye anapiga randa."

Skrubu zilikuwa na kutu. Moja ilikatika, nikasikia watu wakivuta pumzi. Nilipoinua kifuniko, mbao ya ndani, ile isiyopakwa rangi, ilikuwa nyekundu iliyokolea. Désiré aliitambua kabla yangu, maana vitanda vyetu vya utotoni kule Tanzania vilikuwa vya mti huohuo.

"Huu ni mninga," akasema. "Hauoti huku."

"Basi si yetu, Papa. Twende," mwanawe akamwambia. Mzee Karangwa hakusogea. Alipiga magoti polepole, akaingiza vidole pale ule mkono wa pembe unapoungana na sanduku. Pamezungushiwa waya wa shaba, umesukwa vizuri kama ukingo wa kikapu. Miaka yote nilidhani ni pambo.

"Hii ni kusuka ya mama yetu," akasema. "Faustini alijifunza kwake. Mutu mwingine hawezi..." Akaupitisha kidole kwenye ule waya. Uso wake, Baba, sitausahau. "Donc, kumbe alifika. Alifika kule. Akatengeneza ingine."

Maisha yake yote aliamini kaka yake aliuawa njiani.

Nikampigia Shangazi Verediana kule Karagwe, nikaiweka simu kwenye spika wote wasikie. Hata hakuniacha nimalize. "Faustini fundi? Si ndiye aliyetulea kambini, mimi na baba yako, wazazi wetu walipofariki! Alikufa kwa homa. Baba yako alimzika kwa mikono yake, na tangu hapo hakuweza tena kulitamka jina lake. Kaburi lake mimi ndiye ninayelipalilia."

Nikamuuliza kwa nini wewe hukuwatafuta ndugu zake uliporudi huku. Akasema Faustini hakuwahi kutaja kilima cha kwao, kijiji alikozaliwa. Alidhani wote wamekwisha. Na wewe, Baba, miaka yote hiyo ulipita Kanama ukienda na kurudi, mdogo wake akiwa shambani kando ya barabara.

Mzee alikaa chini palepale akalia kwa sauti, na majirani wakaondoka mmoja mmoja. Mwanawe aliyeuliza kuhusu mwizi alinishika mkono wa pole.

Nilitaka kumpa gramafoni. Alikataa. "Kaka yangu alilea baba yako. Donc we ni mutoto yangu. Ikae kwa mutoto yangu." Kisha akauliza kama Karagwe ni mbali, na kama mutu wa umri wake anaweza kukaa ndani ya basi muda wote huo.

Nimekukasirikia kidogo, Baba. Ungetuambia jina tu. Lakini nimeelewa sasa ulikuwa unatazama nini pale dirishani: lile kaburi ulilolichimba kwa mikono yako.

Jumatatu tunasafiri, mimi, Désiré na Mzee Karangwa. Nakuahidi nitamshika mkono mpaka pale kaburini, na msalaba utaandikwa jina lake kamili, na la kilima cha kwao. Pumzika, Baba. Faustini amepata mtu wa nyumbani wa kumlilia.

Binti yako,
Espérance