Tundu Nililotoboa kwa Haraka

Baba, shikamoo. Nimezoea kuisikia marahaba yako kabla sijamaliza salamu, na leo pia nimeisikia, wallahi.

Duka lako la kutengeneza redio hapa Changamwe bado liko wazi. Asubuhi jua likiingia dirishani nakuona umesimama pale, umeinua kadi zako za matundu, na vidoa vya mwanga vinatambaa kifuani mwako. Nikipepesa macho, hupo.

Chuoni wametusomesha juu ya kompyuta zinazojazwa ujuzi wa fundi, ukiziuliza zinajibu. Mwalimu akasema ng'ambo wanataka ziwaze kwa mwanga badala ya umeme. Wenzangu wakashangaa. Mimi nilicheka, kisha nikajikuta nalia. Wewe ulikwisha kufanya hayo kwa kadi kuukuu za mialiko ya harusi. Kila kadi ugonjwa mmoja wa redio: hii yakwaruza, hii yazima ikipata moto. Kila tundu kifaa kimoja. Ulizipanga pamoja kadi za magonjwa uliyoyaona, ukazielekeza juani, na pale mwanga ulipopenya zote ndipo penye kifaa kibovu. "Nuru haisemi urongo, mwanangu," ulikuwa ukiniambia.

Ilisema urongo, Baba. Siku ya harusi ya shoga yangu Zuhura, kule Kisauni, uliniachia kadi mpya nizitoboe. Nilitaka kuwahi ngoma, nikazibana mbili mbili na kuzitoboa kwa pamoja. Kadi moja ikapata tundu lisilo lake, tundu la spika. Wiki iliyofuata ukabadilisha spika ya redio ya jirani yetu Mama Salma, ukabadilisha tena, nayo kimya. Ukakaa kitako ukasema taratibu, "Akili yanihama."

Mimi nilikwisha kuliona lile tundu. Nikanyamaza. Kwanza niliogopa, kisha nikaona haya, kisha ukaugua.

Tangu siku ile ya spika hukuchoma lehemu bila kuniuliza kama ni sawa. Wewe, fundi wa watu wote hawa, waniuliza mimi.

Jana nilimweleza Mama Salma kila kitu. Akasema mwenye kuombwa radhi si yeye. Basi niwie radhi, Baba.

Kwaheri, tutaonana inshallah. Yeyote atakayetaja jina lako hapa dukani, naahidi nitamwambia kosa lilikuwa langu. Akili yako ilikuwa nzima mpaka siku uliyofumba macho.

Mwanao,
Rukia