Kisu Iliyofunga Jeneza

Mutwiri mjukuu wangu,

Huku tuko salama. Cucu wako, bibi yangu, anakohoa kidogo lakini shamba anaenda, na ng'ombe imezaa.

Umeniuliza mimi guka, babu yako, ununue kisu ya kukunja yenye kila kitu ndani, hata bisibisi, ama seti ya vifaa, kila moja na kazi yake.

Miaka ya themanini nilikuwa kijana aliyeishia darasa la nne tu, mwenye haya, tayari na bibi na mtoto, nikifanyia fundi Njeru useremala hapo Embu. Bisibisi ya kufunga majeneza aliiweka peke yake, kwa gunia nje. Alisema, "Hiyo haiingii kwa nyumba ya watu." Mimi nilikuwa na kisu kama hiyo unayotaka. Siku moja nikaona uvivu kutoka nje, nikafunga jeneza ya mzee fulani na kisu yangu.

Jioni nikamenyea mama yako muwa nayo. Alikuwa na miaka mitatu. Hakushika. Aliangalia mlango nyuma yangu.

"Baba, mpe guka kwanza."

"Guka gani?"

"Huyo wa kofia nyekundu. Anasema kisu ni yake."

Hiyo kofia niliiona ndani ya jeneza kabla sijafunga. Sikuwa nimeambia mtu.

Siku tatu mtoto hakula. Njeru akaniambia niweke kisu kwa lile gunia na nisiiguse nyumbani tena. Nikaweka, na mama yako akaomba uji.

Nunua seti, Mutwiri. Hiyo ya kukunja huwezi kuacha upande mmoja nje ukaingia na ule mwingine.

Salimia wenzako hapo chuoni Nchiru. Mama yako usimuulize. Hakumbuki, na mimi nashukuru.

Guka wako