Spoti Nimeirudisha, Natembelea Pikipiki ya Baba

Mbalibali, Serengeti

Kaka Machage,

Shikamoo. Natumaini huko Sirari hujambo na kile kikohozi kimekuacha. Sisi huku tunaendelea. Mama hajambo, mahindi yamebeba vizuri, ila tumbili wanatuibia. Nakuandikia kwa sababu kwenye simu ungenikatia katikati, na haya nataka uyapate yote.

Bila shaka Baba Mkubwa Wangwe ameshakupigia kusema nimerukwa na akili. Ni kweli, ile pikipiki nyekundu ya spoti ya mchumba wangu Stanslaus sipandi tena. Natembelea Yamaha ya marehemu baba, ile aliyokuwa akiendea kuchanja mifugo hadi Issenye. Nimeitoa ghalani kuku wametagia kwenye kiti. Tanki kutu tupu, kabureta imeziba, spoki zimekatika. Nimeifungua mwenyewe, nikaisugua kwa mafuta ya taa mpaka kucha zikawa nyeusi. Vijana wa kijiweni walikuja kuniuliza kama nafufua mzoga. Siku ilipowaka ilitoa moshi mpaka mbuzi wa jirani wakakata kamba, lakini iliwaka! Nikapita pale kijiweni mara mbili, makusudi.

Sasa sikia kwa nini. Ng'ombe wa Stanslaus walipoletwa kwetu niliambiwa ni wa kushika uchumba tu, nitaulizwa kabla mahari haijatimia. Baadaye akaniletea ile spoti, nami nikadhani ni zawadi. Nilifurahi, sikatai. Nikaipanda kijiji kizima kinaniona, ingawa kila jiwe la njia ya Manchira liliigonga tumbo. Kumbe Baba Mkubwa alikuwa amekubaliana na kina Stanslaus kwamba pikipiki inasimama badala ya ng'ombe waliopungua! Kuipanda kwangu mbele za watu kukahesabiwa kuwa nimekubali. Nilipomuuliza Stanslaus alicheka, akasema tangu lini mwanamke akaulizwa akiwa ameshapanda. Nilimtupia ufunguo wake palepale, nikarudi nyumbani kwa miguu.

Najua unachowaza. Hao ng'ombe ndio ambao ungewatoa kwa mahari ya Regina, na kwao wameshaambiwa. Inaniuma, kaka, tena sana. Lakini siolewi na mtu wa namna ile ili wewe uoe. Kama Regina anakutaka mtasubiri, na mimi nitakusaidia kutafuta wengine. Ukiwa na hasira njoo tugombane, sitakimbia.

Maana lililo zito bado sijalisema. Ng'ombe hawamo tena zizini. Jana asubuhi nimewarudisha Manchira kwa Stanslaus, nikiwaswaga na ile Yamaha kwa gia ya kwanza njia nzima. Spoti isingeweza mwendo ule. Baba Mkubwa alisimama njiani akipiga kelele kuwa navunja nyumba ya baba yangu. Nikapiga honi, ng'ombe wakampita.

Na usidhani nilimtoroka mama. Yeye ndiye aliyefungua zizi. Hakunikataza, hakulia. Aliniambia tu niende polepole, kwa sababu yule ng'ombe mweupe ana mimba.

Anakusalimu sana. Nisalimie Regina, na haya umwambie wewe mwenyewe, asiyasikie kwa watu.

Ni mimi mdogo wako, nisiyejuta,

Boke